Shajara ya Kishingo na Madoa: kuku wawili, mayai 22, siku moja

2 Juni

Kishingo kaanza. Jana jioni naenda kuokota mayai namkuta kajibana kwenye kiota, nikasogeza mkono akavimba manyoya yote yakasimama, afu ule mlio wa kukaripia, koo koo koo. Leo asubuhi nimemtoa nikamweka kwenye mahindi, akala fasta kama mtu gari lake linapiga honi, akanya lile linyesi likubwa la harufu, akarudi mwenyewe. Nimempapasa chini ya kifua, manyoya kashaanza kuyanyonyoa, ngozi ya moto. Huyu anataka kuatamia, hakuna ubishi.

Naandika safari hii kila kitu maana awamu ya Machi niliumia. Nipo Kihonda hapa Morogoro, nyuma ya nyumba nina majike 6 na jogoo mmoja aliyechanganya na kuchi, ile aina ya kuku warefu wa kupigana, banda dogo la mabanzi na wavu, basi. Machi huyu huyu Kishingo aliatamia mayai 14 kwenye kiota kile kile ambacho wenzie wote wanatagia. Sikuandika alama yoyote. Kila akitoka kula, mwenzie anaingia anataga humo humo, na yeye akirudi akikuta amekaliwa anaenda kukaa kiota cha pembeni kisichokuwa na kitu. Siku ya 21 wakatoka vifaranga 4. Siku ya 23 akanyanyuka nao akaenda zake, na mayai yamebaki pale kibao. Nikayapasua nje ya uzio. Mengine viza kabisa, harufu usiseme, lakini manne yalikuwa na vifaranga waliokamilika, manyoya yapo, kucha zipo, walibakiza siku mbili tatu tu. Wamekufa kwa baridi kwa sababu mama yao alishasikia wengine wanalia akajua kazi imeisha. Ile picha haijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo lengo la awamu hii ni moja, mayai yote yaanze siku moja, na mwatamiaji asiguswe na kuku mwingine mpaka mwisho.

3 Juni

Sijampa mayai yenyewe bado. Nimemwekea mawili ya kisasa ya dukani, yale ya kuku wa mayai, hayana jogoo kwa hiyo hayana mbegu, hata akilalia hakuna kifaranga wa kuharibika. Nataka akae tu moto wake usipoe wakati nakusanya ya kutosha.

Ya kuatamisha naokota mara mbili kwa siku, asubuhi na saa kumi. Naweka kwenye trei chini ya kitanda chumba cha watoto ambako jua halifiki, ncha iliyochongoka inaangalia chini. Lililopitisha siku 7 silipeleki kwa kuku, linakaangwa. Siyaoshi. Watu wengi wanaosha ili yawe masafi, sasa ganda la yai lina utando wake wa juu unaozuia vijidudu, ukiosha unautoa, na maji machafu yanaingia kwenye vitundu. Lenye kinyesi nakwangua kidogo kwa kucha, likiwa limechafuka sana halikai trei. Lenye umbo la ajabu, refu kama limao au la duara kabisa, na lenye ufa hata mwembamba, nayo jikoni.

5 Juni

Na Madoa kaanza! Yaani nimefurahi sana, maana mama alishaniambiaga huko Kilosa wao wanafanya hivyo, kuku wa kwanza wanamchelewesha na mayai mawili matatu mpaka mwenzie naye akae, ndo wanawawekea pamoja. Faida yake utaiona mwisho, vifaranga wote mnampa mama mmoja, yule mwingine anarudi kutaga mapema badala ya kuzunguka na watoto miezi miwili.

Nimempigia simu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, afu swali la kwanza, "umewawekea wapi?" Nikamwambia bado wako banda kubwa. Akasema wahamishe usiku, tena usiku wa giza, mchana kuku hahami, atakuaibisha.

7 Juni, siku ya kuweka

Mchana nimeandaa stoo ya mkaa iliyo pembeni, nimetoa magunia, nimefagia, nimepaka chokaa. Viota ni makarai mawili mabovu ya plastiki. Chini nimeweka mchanga mkavu kama vidole vinne, nikaubonyeza katikati kwa ngumi uwe na kishimo ili mayai yasikimbie pembeni, juu yake majivu kiasi, juu yake nyasi kavu. Kati ya karai na karai nimesimamisha kipande cha bati wasionane. Mlango unafungwa na wavu, kuku mwingine haingii.

Kila yai nimeliandika kwa penseli, herufi K au M na duara. Penseli tu, wino wa maka unapenya.

Saa mbili usiku nimewabeba mmoja mmoja, mkono mmoja chini ya kifua mwingine juu ya mabawa, bila kuwasha taa. Nikawakalisha kwenye yale mayai ya kisasa kwanza. Saa nne nikarudi nikasikiliza, kimya, nikaingiza mkono chini ya Kishingo nikatoa ya kisasa nikaingiza 11 ya kwetu. Kanidonoa mara tatu, ila hakunyanyuka. Madoa naye 11. Ningeweza kumjazia kila mmoja 14 lakini hawa wa kienyeji mwili wao mdogo, mayai ya pembeni yanabaki nje ya manyoya, na kwa kuwa kuku anayageuza geuza na kuyahamisha kila siku, leo lipo nje hili kesho lile, mwishowe yanaharibika mengi badala ya mawili.

Kesho ndo siku ya 1.

10 Juni

Hakuna jipya, na ndo uzuri wenyewe. Kila siku saa nne asubuhi nafungua, kila mmoja anatoka kwa zamu yake dakika 15 hadi 20. Mahindi punje nzima na mtama, sio pumba, punje inakaa tumboni na kinyesi hakiwi cha maji. Maji kwenye kopo. Kishingo anapenda kujigaragaza kwenye majivu kabla ya kurudi. Nikiona dakika 30 zimefika namsukuma taratibu, ila mpaka sasa haijatokea.

Usiku upepo wa Uluguru unashuka mkali, nimeziba mianya ya chini ya mlango kwa magunia.

14 Juni, siku ya 7

Leo kupima. Nimesubiri giza, nimechukua tochi ya simu, nikafunika kwa kipande cha boksi nilichotoboa tundu la ukubwa wa shilingi, yai unalikalisha pale kwenye tundu upande wa butu chini, mwanga unapita.

Sijui nielezeje mtu ambaye hajawahi kuona. Yai zima linakuwa jekundu la chungwa, afu katikati kuna kidoa cheusi, na kutoka kwenye kile kidoa mishipa inatambaa pande zote kama mizizi ya mche unaong'oa. Ukitulia mkono, unaona kidoa kinacheza. Mwanangu wa miaka 6 alikuwa ameshika boksi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tupo msikitini, "baba, anatuona?"

Matokeo: katika 22, matatu meupe kabisa, mwanga unapita kama dirisha, hayana mbegu. Moja lina duara jekundu la damu limeshikamana na ganda, hakuna mishipa, huyo alianza akafa. Nimetoa manne. Yamebaki 18, Kishingo 10 na Madoa 8. Yale yasiyo na mbegu yote matatu yalikuwa yametagwa siku zinazofuatana, na rangi ya ganda ni moja, nadhani ni ya yule tetea mwekundu ambaye jogoo hampandi, nitamwangalia.

19 Juni, siku ya 12

Leo nimekosa raha. Saa kumi na mbili asubuhi naenda stoo namkuta Madoa kasimama kwenye kona ya mbali, kichwa chini, anajikung'uta, na mayai yake 8 yako wazi. Nikagusa. Yamepoa. Sio baridi ya jiwe lakini yamepoa, sijui katoka saa ngapi.

Nikaangalia kiota. Utitiri! Nyasi zinatembea. Nikaweka kiganja juu sekunde kumi, wamepanda mpaka kwenye kifundo, vidoa vidogo kama vumbi la pilipili. Kumbe usiku wanamnyonya, yeye kavumilia mpaka kashindwa. Hapa kosa ni langu, nilipuliza dawa banda kubwa mwezi uliopita lakini wao wenyewe kabla sijawahamisha sikuwakagua. Kuku anayeatamia hatoki, haogi mchanga vya kutosha, anakuwa chakula cha hao wadudu.

Nilichofanya: mayai 8 nikayafunga kwenye kanga nikayaweka kwenye kapu juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu, mke wangu akayashika. Nyasi zote nikachoma moto nje. Karai nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni nikalianika, nikaweka mchanga mpya, majivu mengi kuliko mwanzo, nyasi mpya na majani makavu ya mwarobaini nikayachanganya humo. Madoa mwenyewe nikampaka dawa ya unga ya kuku chini ya mabawa, kwenye mkundu na shingoni, nikamsugua mpaka ikaingia kwenye ngozi. Kishingo naye hivyo hivyo, kwake walikuwepo wachache, hiyo shingo isiyo na manyoya nadhani inamsaidia.

Nikamrudisha. Akasimama juu ya karai kama dakika tano, anachungulia, ananyanyua mguu mmoja anaushusha. Nilikuwa nimechuchumaa nje ya wavu, jamani nilikuwa naomba. Afu akaingia, akayasogeza kwa kidevu moja moja, akakaa.

21 Juni, siku ya 14

Nimepima ya Madoa. Saba ni meusi karibu yote, yamebakiza kile chumba cha hewa upande wa butu, na kivuli kinacheza. Moja limesimama, mishipa imefifia, ndani kunaelea elea tu. Nimelitoa. Nilitegemea mabaya zaidi, kumbe mtoto aliye ndani ya yai anaweza kuvumilia kupoa kwa muda, ila nadhani atachelewa kutoka. Tutaona.

Yamebaki 17.

25 Juni, siku ya 18

Kuanzia leo siyagusi. Kifaranga sasa anajipanga kichwa kielekee kwenye chumba cha hewa, ukigeuza geuza na kumulika unamvuruga. Bibi yangu, yakifika siku kama hizi, alikuwa anaweka mayai kwenye beseni la maji ya vuguvugu, lenye uhai linacheza lenyewe juu ya maji kama boya, nimeona kwa macho yangu nikiwa mdogo. Ni kweli linacheza. Ila mimi sifanyi, ganda likiwa na ufa mdogo usiouona maji yanaingia na unamzamisha mtoto ndani ya nyumba yake.

Nimeongeza maji tu karibu nao. Na nimenyunyiza maji kidogo kwenye sakafu ya stoo maana kumekauka sana kipindi hiki.

27 Juni, siku ya 20

Saa moja jioni nimeinamia kiota cha Kishingo, nasikia piu, piu. Ndani ya yai! Na yeye anajibu, sauti nyingine kabisa sio ile ya kukaripia, ndogo, ya kooni, kama anaongea na mtu anayemjua. Nikamwita mke wangu tukakaa pale gizani tunasikiliza tu.

28 Juni, siku ya 21

Asubuhi vichwa viwili vimechomoza kwenye bawa la Kishingo, kimoja cheusi kimoja cha maziwa. Mpaka saa nane mchana 9 wametoka. Limebaki moja halina hata tundu, nimelisubirisha.

Kati ya hao 9, wanne wana shingo tupu kama mama yao, unaona kabisa tangu wanatoka, kola ya ngozi ya waridi katikati ya manyoya.

Kwa Madoa kimya. Nikasema subira.

29 Juni, siku ya 22

Kweli kapishana siku nzima na mwenzie. Usiku wa kuamkia leo wawili, asubuhi wawili, saa sita mmoja. Watano. Yai la sita lilikuwa limetobolewa tangu jana saa kumi jioni, ncha ya mdomo inaonekana na lile jino jeupe la juu ya mdomo wanalopasulia ganda, na limekaa hivyo hivyo. Jirani yangu alikuja akaniambia msaidie, menya ganda. Mimi nikakataa. Kwa kawaida toka anatoboa mpaka anatoka ni kama saa 12 hadi 24, na muda huo hajalala, anavuta kiini cha mwisho kiingie tumboni na damu iliyopo kwenye utando irudi mwilini. Ukimenya mapema unaona damu inatoka kwenye utando, hapo umeshamuua. Saa moja usiku nikatoa kipande kimoja kidogo cha ganda kama kucha, utando ulikuwa bado na mishipa myekundu. Nikaacha, nikarudisha chini ya mama yake.

30 Juni

Yule wa sita kafa ndani. Nimewaza usiku kucha kama ningemenya, na bado naamini damu ile isingemruhusu, lakini kuwaza nimewaza. Nimepasua na mengine mawili yaliyobaki, la Kishingo kifaranga kamili kafa bila kutoboa, la Madoa hivyo hivyo.

Hesabu: mayai 22, vifaranga 14. Machi nilipata 4.

Sasa ile kazi ngumu. Jana usiku saa tatu nimewachukua watano wa Madoa kwenye kofia nikawaingiza chini ya Kishingo, gizani, mmoja mmoja kutoka upande wa nyuma. Usiku hajui kuhesabu, asubuhi ameamka na watoto 14 na wote wananukia yeye. Hakumdonoa hata mmoja. Ukijaribu hivyo mchana au wakishapita siku tatu nne, anaweza kuwaua, anawajua wake.

Nimechagua Kishingo kwa sababu ni mkali, Machi alimfukuza paka wa jirani mpaka ukutani. Ila Madoa ndo kaniuma. Leo kutwa yupo banda kubwa na jogoo, anazunguka ukuta huku anaita ile sauti ya kuitia watoto kula, anachukua punje anaiangusha chini, anaita, hakuna anayekuja. Mama kwenye simu alisema, "siku mbili tu mwanangu, atasahau." Nimempa dagaa.

2 Julai

Mama alisema kweli, leo Madoa katulia, anaoga mchanga na wenzie.

Vifaranga siku mbili za mwanzo wana kile kiini tumboni, hawana haraka ya chakula, ila maji nimewapa mapema, kwenye kisahani nilichojaza kokoto ili asiingie kifaranga mzima mzima akalowa. Chakula ni stata ya dukani, kile chakula cha kuanzia vifaranga, nachanganya na dagaa wa soko la Mawenzi waliotwangwa. Kishingo halali tena kwenye karai, nimemtandikia maranda chini kwa sababu karai lina ukuta, wadogo wanashindwa kupanda kurudi kwenye joto.

4 Julai

Asubuhi mmoja kakutwa amekandamizwa, bapa. Yule mweupe wa Madoa aliyechelewa kuliko wote. 13.

7 Julai

Sabasaba, nipo nyumbani. Mpaka leo walikuwa wanashinda kwenye tenga, mama yao nje wao ndani, nikaona wana siku tisa kumi sasa niwaachie wote uwanjani nikiwa nimekaa hapo hapo. Saa tano hivi Kishingo katoa sauti ambayo sijawahi kumsikia, moja tu, ndefu na nyembamba, na wale watoto wakapotea. Yaani sekunde hiyo hiyo hakuna kifaranga, wapo chini ya majani ya mgomba, chini ya kiti changu, wengine wamejilaza tu kwenye mchanga hawatikisiki. Mmoja alikuwa kwenye beseni la maji mbali. Mwewe kaja kama jiwe, Kishingo karuka hewani kumfuata, kabisa miguu yote imetoka chini, kamkosa kidogo. Manyoya mawili ya mwewe yameanguka. Kaondoka na mtoto.

12. Nimefunga kamba uwanja mzima kutoka uzio mpaka mwembe, nimening'iniza CD za zamani na vipande vya foili, na tenga limerudi.

20 Julai

Wana wiki tatu, 12 bado. Leo chanjo ya kideri (Newcastle), ile ya I-2 inayotengenezwa na TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, kule Kibaha, ya matone. Nimechanga na majirani wawili tukanunua kichupa kimoja maana dozi ni nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ukishaifungua haikai. Nimebeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, hiyo inavumilia joto kuliko chanjo zingine ila sio sababu ya kuiweka mfukoni. Tone moja jicho moja, unasubiri apepese ndo unamwachia. Wakubwa nao wote, Oktoba tunarudia, kila miezi mitatu. Tumeanza nyumba ya mzee wa mwisho wa barabara saa kumi na mbili asubuhi, kuku wakiwa bado bandani, tumemaliza kwangu saa mbili, mikono imejaa mikwaruzo.

Kishingo nilimwacha wa mwisho. Watoto wake sita ni wa shingo tupu, wawili wakiwa wa mayai ya Madoa, maana mayai niliyachanganya trei. Wakati nimemshika wote 12 walikuwa miguuni kwangu wanapiga kelele.

24 Julai

Tetea mwekundu nimemchunguza wiki nzima, jogoo kweli hampandi, anamkimbia. Mayai yake yanaenda jikoni. Madoa leo kataga.